Kuongeza Itifaki ya Modbus kwenye Mradi wa Programu Huria: Mwongozo Kamili kwa Waandishi wa Programu wa Tanga

Ukifungua kabati la umeme la kiwanda cha mkonge kati ya Muheza na Korogwe, si ajabu ukakuta mita inayoonyesha volti, ampia na kilowati-saa kwenye kioo chake, na chini yake matundu mawili ya waya yaliyoandikwa A na B ambayo hayajafungwa kitu tangu mita iwekwe. Karani wa zamu hupita na daftari, akanakili namba kwa mkono. Matundu hayo mawili ndiyo tunayoyashughulikia hapa. Mara nyingi huzungumza Modbus, itifaki ya mawasiliano ya vifaa vya viwandani, na programu huria ya kukusanya na kuchora vipimo inaweza kuzisoma namba zile zile kila baada ya sekunde chache, mradi tu apatikane mtu wa kuiongezea uwezo huo.

Mwongozo huu unamlenga mwandishi wa programu anayeimudu lugha moja ya kuandikia msimbo na aliyezoea Git, lakini ambaye hajawahi kushika kifaa cha kiwandani. Nachukulia kwamba mradi unaotaka kuuchangia una kiini kilichokwisha kuandikwa, yaani sehemu ya kupokea vipimo, kuvihifadhi na kuvionyesha, na kwamba unachoongeza ni njia mpya ya kuvipata. Nitangulize pia msimamo wangu, kwa sababu ndio unaopanga hatua zote zinazofuata: kutunga na kusoma fremu za Modbus, yaani vifurushi vya baiti vya ombi na jibu, ni kazi ndogo, ilhali kuelewa namba za kifaa zinamaanisha nini, na kuamua programu ifanye nini kifaa kinaponyamaza, ndiyo kazi yenyewe.

## Kwa nini Modbus kwanza

Itifaki za viwandani ni nyingi. Ziko PROFINET na EtherNet/IP zinazotumika kwenye mitambo mikubwa ya kujiendesha, DNP3 na IEC 60870-5-104 zinazopendwa na mashirika ya umeme na maji, BACnet ya majengo, na OPC UA, ambayo ni ya kisasa zaidi na ina maelezo kamili ya data ndani yake. Mradi huria unaoanza usizikimbilie hizo. Modbus ilitolewa na kampuni ya Modicon mwaka 1979 kwa ajili ya vidhibiti vyake, na mwaka 2004 Schneider Electric, iliyokuwa imeirithi, ilikabidhi haki zake kwa Modbus Organization. Maelezo yake rasmi yanapakuliwa bure, ni mafupi kiasi cha kusomwa jioni moja, na mita za umeme, invata za mota, vihisi vya kina cha maji na vidhibiti vya vyumba baridi kwa wingi huja nayo. Ukiikamilisha vizuri, umbo la msimbo utakalokuwa umelijenga litazipokea itifaki nyingine bila kubomoa kitu.

Ndani ya Modbus yenyewe, chagua kidogo. Kuna Modbus RTU inayopita kwenye waya wa siriali, kwa kawaida RS-485, na Modbus TCP inayopita kwenye mtandao wa kawaida kupitia poti namba 502. Kuna pia Modbus ASCII, ambayo unaweza kuiacha kabisa mpaka mtu aje kuiomba akiwa na kifaa mkononi.

## Hatua ya kwanza: pendekezo na leseni kabla ya msimbo

Fungua hoja kwenye hifadhi ya mradi na ueleze kifaa gani hasa kinakusukuma, utasoma nini, na utagusa faili zipi. Watunzaji wa miradi huria huchoshwa na maombi makubwa ya kuunganisha yanayoanguka ghafla kama embe, na mara nyingi huyakataa si kwa sababu ni mabaya bali kwa sababu hakuna atakayeweza kuyatunza baadaye. Waulize wazi kama wanataka uwezo huu uwe ndani ya kiini au uwe programu-jalizi. Mimi naegemea programu-jalizi, kwa kuwa mtumiaji asiye na kifaa cha kiwandani hapaswi kulazimika kusakinisha maktaba za siriali.

Swali la leseni lijibiwe siku hiyo hiyo. Kuna maktaba zilizokomaa ambazo hazikulazimu kuandika fremu mwenyewe: libmodbus ya lugha ya C iko chini ya leseni ya LGPL toleo la 2.1 au la baadaye, na pymodbus ya Python iko chini ya BSD. Mradi wenye leseni ya MIT unaweza kuzitumia zote mbili, lakini ukiunganisha libmodbus ndani ya faili moja ya programu unayoisambaza, masharti ya LGPL yanakutaka umwezeshe mtumiaji kuibadilisha maktaba hiyo. Usinakili vipande vya msimbo kutoka mradi wenye GPL na kuviweka kwenye mradi wenye leseni legevu zaidi, hata kama ni jedwali la CRC (namba ya kukagua kama baiti zimefika salama) tu, kwani hilo unaweza kulizalisha mwenyewe kwa mistari michache.

## Hatua ya pili: ijue fremu kwa macho yako

Hata ukitumia maktaba, lazima uweze kuzisoma baiti bila msaada, maana siku ya hitilafu hutakuwa na kingine cha kushika. Modbus ina aina nne za data. Koili ni biti moja inayosomeka na kuandikika. Ingizo la biti ni biti moja ya kusomwa tu. Rejista ya ingizo ni biti 16 za kusomwa tu. Na rejista ya kuhifadhi ni biti 16 za kusomwa na kuandikwa. Kila aina ina namba yake ya kazi: 01 husoma koili, 02 maingizo ya biti, 03 rejista za kuhifadhi, 04 rejista za ingizo, 05 na 06 huandika koili moja na rejista moja, 15 na 16 huandika nyingi kwa pamoja. Anza na 03 na 04.

Ombi la kukitaka kifaa namba 1 kitoe rejista mbili za kuhifadhi kuanzia anwani 0 huwa hivi kwenye waya wa siriali:

`01 03 00 00 00 02 C4 0B`

Baiti ya kwanza ni namba ya kifaa, kati ya 1 na 247. Ya pili ni kazi. Mbili zinazofuata ni anwani ya kuanzia, mbili nyingine ni idadi ya rejista, na mbili za mwisho ni CRC, ambayo huja baiti ndogo ikitangulia ilhali kila kitu kingine katika fremu hutanguliza baiti kubwa. Kifaa kikijibu kwa `01 03 04 43 66 00 00` na CRC yake, kimesema kwamba kimeleta baiti nne, na baiti hizo zikisomwa kama namba ya desimali ya biti 32 ni 230.0, yaani volti za fezi moja. Kikijibu `01 83 02 C0 F1`, kimekataa: kazi imeongezewa 80 ya heksadesimali, na 02 inamaanisha anwani hiyo haipo. Jibu la kukataa si hitilafu ya mawasiliano. Linathibitisha kwamba waya, kasi na namba ya kifaa viko sawa, na msimbo wako unapaswa kulitofautisha waziwazi na ukimya.

Ombi hilo hilo kwenye Modbus TCP ni `00 01 00 00 00 06 01 03 00 00 00 02`. CRC imeondoka, na mbele kumewekwa kichwa cha baiti saba: namba ya muamala, namba ya itifaki ambayo daima ni sifuri, urefu wa kinachofuata, na namba ya kifaa. Hapa kuna mtego unaozinasa maktaba changa. Muunganisho wa TCP ni mkondo wa baiti usiojua mipaka ya fremu, hivyo jibu moja linaweza kukufikia vipande vipande, au majibu mawili yakaja yameshikana. Soma baiti saba za kichwa kwanza, pata urefu, kisha soma kilichobaki mpaka kitimie. Na ukikuta namba ya muamala si ile uliyoituma, tupa jibu hilo, kwa maana ni la ombi la zamani ulilokwisha kulikatia tamaa.

Kwenye RTU mipaka ya fremu huwekwa na ukimya wa muda wa herufi tatu na nusu. Kwa kasi ya biti 9600 kwa sekunde, ambapo kila herufi ina biti 11, muda huo ni takriban milisekunde 4. Kasi ikizidi 19200 maelezo rasmi yanapendekeza milisekunde 1.75. Usijaribu kuupima ukimya huo ndani ya programu ya kawaida kwenye Linux au Windows, kwa kuwa mfumo endeshi haukuahidi usahihi wa namna hiyo, na adapta ya USB yenye chipu ya FTDI kwenye Linux huweza kushikilia baiti hadi milisekunde 16 kwa mpangilio wake wa kawaida kabla ya kukukabidhi. Badala yake, tambua urefu wa jibu kutokana na namba ya kazi na hesabu ya baiti iliyomo, na uutumie ukimya kwa jambo moja tu: kusafisha mabaki kabla ya kutuma ombi jipya.

## Hatua ya tatu: tabaka tatu zisizojuana sana

Gawa msimbo katika sehemu tatu. Tabaka la usafiri linajua kufungua poti ya siriali au muunganisho wa TCP, kutuma baiti na kupokea baiti. Halijui chochote kuhusu rejista. Tabaka la itifaki linajua kutunga ombi na kuchambua jibu; halijui kama baiti zimepita kwenye waya au hewani. Tabaka la ramani linajua kwamba rejista ya 0 na ya 1 za mita fulani ni volti. Halijui CRC ni nini. Kiini cha mradi kizungumze na tabaka la ramani pekee, kwa kutumia kiolesura kile kile ambacho vyanzo vingine vya data katika mradi vinakitumia. Ukijikuta unaongeza neno Modbus ndani ya faili za kiini, simama, kwani hapo ndipo mtunzaji wa mradi atakaposimama pia.

Faida ya mgawanyo huu huonekana mapema. Baadhi ya vibadilishi vya bei nafuu vya kutoka siriali kwenda TCP huchukua fremu ya RTU pamoja na CRC yake na kuipitisha ndani ya TCP bila kichwa cha baiti saba, jambo ambalo halimo kwenye maelezo rasmi lakini liko mitaani. Tabaka zikiwa zimetengana, unaunganisha usafiri wa TCP na utungaji wa RTU, na kazi imekwisha.

## Hatua ya nne: ramani ya rejista

Hapa ndipo muda wako utakapokwenda. Modbus haisemi rejista fulani ina volti au halijoto. Husema tu kwamba ina biti 16. Maana yake iko kwenye kitabu cha kifaa, na vitabu hivyo vimeandikwa kwa namna zinazogombana.

Ugomvi wa kwanza ni wa anwani. Kitabu kimoja kitasema volti iko kwenye 40001, kingine kitasema ni rejista ya 1, kingine ni anwani 0, na vyote vitatu huweza kumaanisha mahali pamoja. Katika desturi ya zamani tarakimu ya kwanza, 4, inaonyesha aina, yaani rejista ya kuhifadhi, na hesabu huanzia 1. Kwenye waya hesabu huanzia 0. Kwa hiyo 40108 hutumwa kama 107. Amua kwamba faili za ramani katika mradi wako zitatumia anwani za kwenye waya peke yake, liandike hilo kwa herufi nzito, na usiweke kitufe cha kuongeza au kupunguza moja, maana kila mtumiaji atakibonyeza mpaka namba ifanane na anachokitarajia, kisha ramani zake hazitamfaa mwingine.

Ugomvi wa pili ni wa namba za biti 32, ambazo hukaa kwenye rejista mbili. Maelezo rasmi yameweka mpangilio wa baiti ndani ya rejista, lakini hayakusema rejista ipi itangulie. Mita iliyotanguliza nusu ndogo italeta `00 00 43 66` badala ya `43 66 00 00`, na ukiisoma kwa mpangilio usio wake utapata takriban 2.4 mara kumi kwa kipeo cha hasi 41, namba ambayo kwenye skrini itaonekana kama 0.00. Mwenye kiwanda atakuambia umeme upo, programu yako itasema haupo, na hakuna kosa lolote litakaloandikwa kwenye kumbukumbu. Ruhusu mipangilio yote minne, ABCD, CDAB, BADC na DCBA, ambapo A ni baiti kubwa kuliko zote na D ni ndogo kuliko zote, na uiache iwekwe kwa kila kipimo badala ya kwa kifaa kizima, kwa kuwa vipo vifaa vinavyochanganya.

Wa tatu ni alama ya hasi na kizidisho. Chukua chumba baridi cha kuhifadhia samaki wa soko la Deep Sea chenye nyuzi 18 chini ya sifuri. Kidhibiti kinachotunza halijoto kwa sehemu za kumi kitatuma `FF 4C`. Ukiisoma kama namba isiyo na hasi utapata 65356, na baada ya kizidisho cha 0.1 chumba kitakuwa na nyuzi 6535.6. Kosa hili angalau hujionyesha. Lile la kutisha ni la kifaa ambacho hakishuki chini ya sifuri wakati wa majaribio, kikashuka baada ya miezi.

Ramani iwe faili ya data, isiwe msimbo. Fundi wa Ngamiani asiyejua Python aweze kuiandika akiwa na kitabu cha kifaa mkononi. Kipimo kimoja kinaweza kuonekana hivi:

```
- jina: volti_fezi_1
  rejista: kuhifadhi
  anwani: 0
  aina: desimali32
  mpangilio: ABCD
  kizidisho: 1
  kipimo: V
  chini: 0
  juu: 300
```

Mistari miwili ya mwisho si pambo. Thamani iliyotoka nje ya mipaka iliyotajwa ihifadhiwe ikiwa na alama ya shaka, na mtumiaji aambiwe, kwani mara nyingi huo ndio mlio wa kwanza wa mpangilio uliokosewa.

## Hatua ya tano: foleni, muda na ukimya

Waya mmoja wa RS-485 hubeba ombi moja kwa wakati mmoja, kama bomba moja la mtaa lenye ndoo nyingi. Mita kumi zikiwa kwenye waya mmoja, kinachohitaji kufuli ni waya na si mita. Unda mmiliki mmoja wa kila poti ya siriali, mwenye foleni yake, na maombi yote ya vifaa vya poti hiyo yapite kwake. Programu zinazofungua poti upya kwa kila kifaa hufanya kazi vizuri mezani penye mita moja, kisha huvurugika mita ya pili inapoongezwa.

Piga hesabu ya muda kabla ya kulalamikia kasi. Kwa 9600, ombi la baiti 8 huchukua takriban milisekunde 9, na jibu la rejista mbili takriban 10. Ukisoma vipimo ishirini vya desimali kimoja kimoja, pamoja na ukimya kati ya fremu, utatumia zaidi ya nusu sekunde, bila kuhesabu muda wa kifaa kufikiri. Ukizisoma rejista zote 40 kwa ombi moja, jibu lenye baiti 85 litachukua takriban milisekunde 97, na kila kitu kitakwisha katika takriban 115. Kwa hiyo tabaka la ramani lipange vipimo kwa anwani na kuviunganisha, likikumbuka kwamba ombi moja haliruhusiwi kuzidi rejista 125, kwamba baadhi ya vifaa hukataa ombi linalopita kwenye anwani isiyotumika, na kwamba nusu mbili za namba ya biti 32 kamwe zisitenganishwe katika maombi mawili. Kipimo cha kilowati-saa kinachobadilika katikati ya maombi mawili hutoa namba ambayo haijawahi kuwapo.

Ukimya nao una gharama. Kifaa kilichozimwa, kikipewa sekunde moja ya kusubiri na majaribio matatu, kitawachelewesha wenzake wote wa waya huo kwa sekunde tatu kila mzunguko. Baada ya kushindwa mara kadhaa, kiulizwe kwa nadra, mathalani mara moja kwa dakika, mpaka kitakapojibu.

Na kipimo kilichokosekana kisiandikwe sifuri. Nalisisitiza hili kwa sababu kosa hilo limo kwenye programu nyingi zinazosifiwa. Tangi la maji lenye kina cha sifuri na tangi ambalo kihisi chake kimekatika waya ni mambo mawili tofauti, na mhudumu wa pampu akiona sifuri atawasha pampu. Kila thamani iende kwenye kiini ikiwa na wakati iliposomwa na hali yake: nzuri, ya shaka, au haipo. Kama kiini cha mradi hakina mahali pa kuweka hali, hapo ndipo panapostahili ombi la kwanza kabisa la kuunganisha, tena lipelekwe peke yake.

## Kuandika kwenye kifaa

Toleo la kwanza lisome tu. Korona ya mkonge, yaani mashine ya kutenganisha nyuzi na majani, hulishwa majani na watu, na rejista moja ikiandikwa vibaya huweza kuiwasha mota ambayo mtu ameisimamisha ili aondoe nyuzi zilizokwama. Baadaye uwezo wa kuandika ukiongezwa, uwe umezimwa mpaka msimamizi auwashe kwa kila kipimo kwa jina lake, uwe na mipaka ya thamani, na usirudie ombi lenyewe likikosa jibu, kwa sababu kukosa jibu si ushahidi kwamba amri haikufika. Kinga ya watu kwenye mashine inabaki kuwa swichi ya dharura na kufuli ya fundi kwenye kabati. Programu isipewe kazi hiyo.

## Hatua ya sita: majaribio bila kifaa

Mashine za majaribio za mradi hazitakuwa na mita. Anza na CRC: mfuatano wa herufi 123456789 lazima utoe 4B37. Kisha weka fremu halisi, zikiwemo hizi zilizomo humu, kama majaribio ya tabaka la itifaki, bila usafiri wowote.

Halafu andika kiigizaji, na kiigizaji hicho kiwe na tabia mbaya. Kinachojibu vizuri kila mara hakikufundishi kitu. Kichelewe, kikate jibu katikati, kibadilishe biti moja ili CRC isilingane, kijibu kwa namba ya kifaa kingine, kitume jibu la ombi lililopita, kikatae kwa 02 na kwa 06 inayomaanisha kina shughuli. Kwenye Linux, programu ya socat hutengeneza jozi ya poti za siriali za kubuni, upande mmoja ukafunguliwa na msimbo wako na mwingine na kiigizaji. Kwa Modbus TCP, Wireshark huzichambua fremu yenyewe, hivyo una jicho la pili lisilotegemea msimbo wako.

## Hatua ya saba: kiwandani

Nenda na fundi umeme wa mahali hapo, kwa ruhusa ya maandishi, na mumwambie msimamizi wa zamu mtafungua kabati lipi. Waya wa RS-485 upite kutoka kifaa hadi kifaa kwa mstari mmoja, usitawanyike kama matawi. Unaweza kufika takriban mita 1200 kwa kasi ndogo, na kiwango kiliwekwa kwa vifaa 32 vya mzigo wa kawaida. Kila mwisho wa mstari unafungwa rezista ya ohm 120. Umeme ukiwa umezimwa, weka testa kati ya A na B: ukipata karibu na ohm 60, rezista zote mbili zipo, ukipata 120, moja haipo. Herufi A na B zenyewe usiziamini, maana watengenezaji hawakubaliani zipi ni zipi, na fundi mzoefu kwa kawaida atakuambia, "Kaka, geuza hizo waya kwanza ndipo uilaumu programu." Kuzigeuza hakuharibu kifaa.

Tanga ina la ziada. Hewa ya chumvi karibu na bahari huotesha kutu ya kijani kwenye ncha za shaba, na upande wa viwanda vya saruji vumbi huingia kila penye upenyo. Mawasiliano yanayokufa asubuhi zenye unyevu na kufufuka mchana huanzia hapo mara nyingi kuliko kwenye msimbo. Kebo iwe ya jozi iliyosokotwa yenye ngao, ipite mbali na nyaya za mota, na programu yako ihesabu na kuonyesha makosa ya CRC kwa kila kifaa. Hesabu hiyo ikipanda kila mota kubwa inapowashwa, fundi amekwisha kupata jibu.

Kwenye kompyuta ya Linux, poti ya adapta ya USB kwa kawaida huwa `/dev/ttyUSB0`, na katika Debian na Ubuntu mtumiaji wa programu lazima awe kwenye kundi la `dialout`. Usiiendeshe programu kwa mamlaka ya mkuu wa mfumo ili kukwepa hatua hiyo.

Kuhusu usalama wa mtandao ni fupi: Modbus haina nenosiri wala usimbaji. Yeyote anayeifikia poti 502 anaweza kusoma na kuandika. Lipo toleo linalotumia TLS kwenye poti 802, lakini lazima kifaa nacho kilikubali. Hivyo nyaraka zako ziseme wazi kwamba poti 502 isifunguliwe kwenye intaneti kupitia ruta ya laini ya simu, na anayetaka kusoma akiwa mbali apite kwenye VPN.

## Kuwasilisha, na kinachofuata

Vunja kazi katika maombi madogo ya kuunganisha: hali ya kipimo kwenye kiini, kisha tabaka la itifaki na majaribio yake, kisha usafiri, kisha ramani, na mwishoni nyaraka. Kila moja lisimame lenyewe na lipite majaribio. Kwenye nyaraka weka orodha ya vifaa vilivyojaribiwa kweli, pamoja na toleo la programu iliyomo ndani ya kifaa, na usiorodheshe kifaa kwa sababu tu kitabu chake kinafanana na cha kingine. Andika sehemu ya ramani kwa Kiswahili pia, kwa kuwa watakaozileta ramani mpya ni mafundi.

Taarifa za hitilafu zitaanza kuja punde tu toleo likitoka, na nyingi zitasema "haisomi". Weka mapema kigezo cha kuwasha kumbukumbu ya baiti ghafi, kinachoandika kila ombi na kila jibu kwa heksadesimali pamoja na wakati wake kwa milisekunde, na kwenye fomu ya hitilafu omba vitu vitatu: mistari ishirini ya kumbukumbu hiyo, faili ya ramani, na picha ya ukurasa wa kitabu cha kifaa unaoonyesha rejista husika. Mwenye fremu ya `83 02` atarudishwa kwenye anwani, mwenye ukimya mtupu ataulizwa kasi, usawa wa biti (parity) na nyaya, na mwenye namba za ajabu ataombwa ajaribu CDAB.